Tulijenga darasa kabla ya choo: miaka saba ya shule yetu ya kanisa, Malindi

Ninaiandikia kamati ya kanisa ambayo wiki hii imekaa chini ya mwarobaini, ina daftari na kalamu, na inapanga kufungua shule. Sisi tulikaa hivyo Novemba 2017, nyuma ya kanisa letu upande wa Muyeye, kusini mwa mji wa Malindi. Tulikuwa watu tisa. Mimi nilikuwa mhazini, na kwa sababu hiyo hesabu zote ninazo mpaka leo. Risiti ziko ndani ya mkoba wa plastiki chini ya kitanda changu, nyingine zimefifia kwa unyevu. Ningependa mtu mwingine asilipe tulicholipa sisi, na sizungumzii pesa tu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari lile una orodha ya vitu vya kujenga, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Darasa la kwanza. Darasa la pili. Ofisi. Madawati. Mlingoti wa bendera. Jiko. Choo ni cha saba, na mbele yake nimeandika "baadaye". Maji hayamo kabisa, kwa kuwa kisima kilikuwapo.

Tulianza Januari 2018 ndani ya kanisa, watoto 23 wa PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali kabla ya Grade 1, na walimu wawili. Jumatatu asubuhi mabenchi yanasukumwa ukutani, Ijumaa jioni yanarudishwa kwa ajili ya ibada. Mimbari tuliifunika leso ili watoto wasiipande. Karo ilikuwa shilingi 2,500 kwa muhula, uji wa saa nne ukiwa ndani yake. Akina mama wa kanisa walishona sare wenyewe, wavuvi wawili wa ushirika wetu walileta samaki wa kuuza kila mwisho wa mwezi. Ile miezi bado naikumbuka kwa furaha, maana kila mtu alitoa alichokuwa nacho.

Kisha tukaita harambee, tukapata shilingi 310,000, na hapo ndipo tulipopotoka. Darasa linaonekana. Mgeni wa heshima anaweza kukata utepe kwenye mlango wa darasa, na aliyechanga anataka kuona ukuta ukipanda kila Jumapili akija kusali. Choo hakina mwenyewe katika harambee. Hakuna aliyesimama kusema, "Mimi natoa simiti ya choo." Hata mimi, mwanamke niliyezaa na kulea mabinti wawili, sikusimama.

Tulijenga vyumba viwili kwa mawe ya matumbawe kutoka timbo, mabati juu, baraza mbele. Kazi ilichukua miezi 14 na shilingi 1,140,000, sehemu kubwa ikiwa ni madeni ya duka la vifaa.

Kuna jambo la ujenzi wa pwani ambalo lazima niliseme hapa. Siku ya pili ya msingi, fundi alileta mchanga lori mbili. Jirani yetu, mzee wa Kibajuni ambaye familia yake ilihama Faza, kwenye visiwa vya Lamu, wakati wa vita vya shifta miaka ya 1960 ikaja kukaa Malindi, alikuwa akipita akielekea msikitini. Alisimama, akainama, akachukua chembe za mchanga kwa kidole akazionja. Akatema. Akaniambia, "Mwanangu, huu wa bahari. Chuma chenu kitaliwa kikiwa ndani ya ukuta, nanyi hamtajua." Fundi alibisha, lakini nilionja na mimi, na chumvi ilikuwa pale pale kwenye ulimi. Tulirudisha lori zote mbili, tukaagiza mchanga wa mto Sabaki, ukatugharimu shilingi 17,000 zaidi. Pesa zile sizijutii hata kidogo. Ninachojutia ni mabati. Tulinunua geji 32 kwa kuwa ni nafuu, tukapigilia misumari ya kawaida, na upepo wa kusi unaotoka baharini ukayala. Mwaka wa nne ungeweza kutoboa bati kwa kidole. Karibu na bahari nunua geji 28, ambayo ni nene zaidi, na misumari isiyoshika kutu, ama ungoje mpaka upate pesa za kununua hivyo.

Sasa choo.

Choo cha kwanza kilichimbwa Oktoba 2019, mashimo mawili, kwa shilingi 46,000. Fundi wa kuchimba alikuwa akilipwa kwa futi. Alipofika futi tisa akakutana na mwamba mgumu, akaomba bei mpya, kamati ikakataa, tukakubaliana liishie hapo. Mahali tulipachagua sisi wenyewe: pembeni mwa kanisa, karibu na kisima, ili watoto wasitembee mbali wakitaka kunawa. Tuliona ni busara. Hakuna aliyepima. Hakuna aliyemwita afisa wa afya ya umma, ingawa angekuja bila malipo kama tungeomba.

Kisima kile kilikuwapo kabla ya kanisa. Aliyetuuzia kiwanja alituomba jambo moja, kwamba majirani waendelee kuchota. Yule mzee wa Kibajuni alikuwa akichota humo maji ya kupikia na ya udhu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Tatizo lililojitokeza mapema lilikuwa lingine, na lilinifundisha kitu. Choo kilipofunguliwa, watoto wengi walikikwepa. Wasichana wa Grade 1 walikuwa wakijizuia mpaka saa saba, wengine walikimbia nyumbani wakati wa uji na hawakurudi. Walimu walidhani ni giza. Mama mmoja Mwislamu ndiye aliyenieleza, kwa upole sana, pembeni ya lango: "Dada, mtoto wangu ataingiaje mle na hamna hata kopo la maji?" Nilijisikia vibaya. Kwetu pwani, Mkristo kwa Mwislamu, mtu hujisafisha kwa maji. Ramani tuliyotumia tulipewa na kanisa la bara, na ilikuwa na kijisanduku cha karatasi ukutani. Choo bila maji hapa ni ukuta mtupu. Tuliweka pipa na makopo mawili, na juma hilo hilo watoto wakaanza kukitumia. Lakini maji ya pipa yalitoka wapi? Kisimani. Na watoto wakizidi kukitumia choo, shimo lilizidi kujaa, mita chache kutoka tulikochota.

Machi 2020 shule zote nchini zikafungwa kwa ajili ya korona. Watoto wetu walirudi Januari 2021, walimu wamekaa miezi tisa bila mshahara, mmoja ameshaanza kuuza viazi karai barabarani na hakurudi. Tuliweka vibuyu chirizi vinane kwenye uzio. Vilikuwa vya madumu ya lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga, na gharama yake haikufika shilingi 1,000. Mpaka leo vinafanya kazi kuliko beseni la bomba tulilonunua kwa 9,000.

Juni 2022 tukaomba usajili. Hatukuwa na haraka kabla ya hapo, na hilo lilikuwa kosa, kwa sababu watoto wa kwanza walikuwa wameshafika Grade 4. Shule isiyosajiliwa haiwezi kuwaandikisha watoto wake mtihani wa Grade 6, KPSEA. Afisa wa ubora wa elimu alikuja na tepu na fomu. Alikuwa mtu wa heshima, hakutudharau, ila aliandika. Madarasa yetu yalikuwa mita 7 kwa 5, na kipimo cha mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 ni 7.5 kwa 6. Chumba kama hicho kinabeba watoto 40 wakiwa kwenye madawati ya watu wawili wawili. Chetu kilikuwa na 34 na hakikufika ukubwa. Milango ilifungukia ndani, inatakiwa ifungukie nje ili moto ukitokea watoto wasikwame wakisukumana. Madirisha tulikuwa tumeyapiga vyuma kwa kuogopa wezi, na vyuma haviruhusiwi kwa sababu hiyo hiyo. Kugeuza milango na kukata vyuma kulitugharimu 31,000. Kufanya hivyo tangu mwanzo kusingetugharimu chochote.

Walimu wawili hawakuwa na namba ya TSC, tume ya walimu ya serikali. Kiwanja tulikuwa na makubaliano ya mauzo yaliyoandikwa mbele ya mzee wa mtaa, hati ikiwa bado ya familia nzima ya muuzaji. Kugawanya na kupata hati yetu kulichukua mwaka mmoja na miezi minne na shilingi 87,000 pamoja na wakili. Kwa kifupi, usimwage hata karai moja ya zege kabla ya kwenda kufanya upekuzi ofisi ya ardhi.

Halafu afisa akaenda chooni. Alikaa mle kitambo. Alipotoka aliuliza tuna wasichana wangapi, wavulana wangapi. Hesabu ni tundu moja kwa wasichana 25, moja kwa wavulana 30, na la walimu peke yake. Sisi tulikuwa na mawili kwa wote, walimu ndani. Kwenye fomu aliandika kwamba shule haifai kusajiliwa mpaka irekebishe. Jioni ile kamati ilikaa mpaka saa tatu usiku na hakuna aliyelaumiwa kwa jina, lakini nilipofika nyumbani nilifungua lile daftari, nikaangalia neno "baadaye".

Tulipanga harambee ya vyoo iwe Mei 2023. Aprili ikaja habari ya Shakahola, msitu ambamo wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa kwa kufunga wasile. Msitu ule uko kaunti yetu hii ya Kilifi. Zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, magari yakipita hapa mjini kuipeleka mochari ya hospitali, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto wengi, waliotolewa shuleni kwa kuambiwa elimu ni dhambi. Sitaki kuyageuza machungu yale kuwa hadithi ya shule yetu. Nasema tu kilichotufika: wazazi tisa waliwatoa watoto wao, wengine wakaja kuuliza waziwazi tunawafundisha nini. Walikuwa na haki. Harambee tuliiahirisha. Tulibandika hesabu zote ukutani mwa ofisi, pamoja na madeni, na ratiba ya kila darasa, na tukatangaza kwamba mzazi yeyote aingie darasani saa yoyote bila hodi. Watu walikuja wiki tatu mfululizo, wakasimama nyuma ya darasa wakisikiliza hesabu za kujumlisha. Wanne kati ya tisa waliwarudisha watoto. Nashauri mlango huo muufungue siku ya kwanza, kabla hamjaulizwa.

Mvua za El Niño zilianza Oktoba mwaka huo. Novemba kisima kilipanda mpaka tukaifupisha kamba ya ndoo mara mbili. Bomba la mjini, ambalo maji yake hutoka Baricho kwenye mto Sabaki, lilikuwa likikatika siku tatu nne, na likikatika Baricho hukosa Malindi, Kilifi mpaka Mombasa. Kwa hiyo uji tulipika kwa maji ya kisima. Wiki ya pili ya Novemba watoto 19 waliharisha. Mmoja, wa PP2, alilazwa siku mbili. Nilikaa naye usiku mmoja kumpokea mama yake, nikiitazama chupa ya maji ikidondoka kwenye mshipa wake, na sikuweza kusali kwa maneno.

Afisa wa afya ya umma alikuja Jumanne, msichana mdogo kiumri, viatu vya mpira miguuni. Aliomba mtu amshikie ncha ya tepu kisimani, akatembea mpaka mlango wa choo. Mita 9 na nusu. Hakusema kitu, akaandika. Kisha akatoa chupa ndogo ya kioo yenye kipande cha karatasi ndani, akaijaza maji ya kisima mpaka kwenye alama, akaifunga, akampa mwalimu mkuu. "Iwekeni mahali penye joto. Mkiikuta nyeusi, maji haya yana kinyesi." Tuliiweka juu ya kabati la ofisi, kando ya boksi la chaki. Maji yalikuwa meupe kabisa, ungeyanywa kwa imani. Jumatano asubuhi, kabla ya gwaride, mwalimu mkuu aliniita kwa simu. Nilikuta chupa ni nyeusi kama wino wa ngisi.

Afisa wa afya alitueleza mwenyewe, akichora mchangani kwa kijiti. Mwamba wa matumbawe umejaa matundu na nyufa, kama mkate wa chila. Mwongozo unasema choo kiwe mita 15 au zaidi kutoka kisimani, lakini kwenye mwamba wa namna hii hata 30 usiziamini bila kupima maji. Tena maji ya chini ya ardhi kwetu hushuka kuelekea baharini. Kisima kikae upande wa bara, choo upande wa bahari. Sisi tulikuwa tumeweka kinyume: choo juu, kisima chini yake. Shimo la futi tisa lilipojaa maji ya mvua, kilichokuwamo kilitembea ndani ya nyufa moja kwa moja mpaka kwenye ndoo yetu.

Na kwenye ndoo ya mzee.

Tulikwenda kwake jioni hiyo, mimi na Mchungaji. Alikuwa amekaa kibarazani. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatukaribisha kahawa, na kwa muda Mchungaji alishindwa kuanza. Nikaanza mimi. Nilimwambia, "Mzee, tumekuja kuomba radhi. Kisima tumekichafua sisi." Nilimwambia habari za chupa. Alinyamaza, akauliza watoto wanaendeleaje, wote, akataka ajue hasa yule aliyelazwa. Ndipo akasema wajukuu wake wawili nao walikuwa wameumwa na matumbo. Hakupandisha sauti. Alisema, "Ilikuwa mniulize. Ningewaambia." Maneno hayo bado ninayo. Miaka minne tulimwamkia kila siku kwenye ile njia na hatukumwuliza.

Tulifunga kisima na choo siku ile ile. Kwa wiki saba tulinunua maji ya mkokoteni, mitungi 15 kwa siku, kila mmoja kwa shilingi 20, na mitatu ya kwanza ilipelekwa kwa mzee kila asubuhi kabla ya ya shule. Shimo lilinyonywa, likatiwa chokaa, likafukiwa, shilingi 38,000. Kisima kilivutwa maji yote na kutiwa dawa. Chupa ya pili iligeuka nyeusi, ya tatu pia. Mpaka leo maji yake ni ya kumwagilia miti tu.

Mzee ndiye aliyetuletea jabia. Kule visiwani kwao, alisema, maji ya kisima ni ya chumvi, watu wamekunywa maji ya mvua tangu mababu, na jabia ni birika lililochimbwa ardhini likapigwa chokaa ndani, na sakafu pana ya kuyakusanya maji. Alikuja na bakora yake akachora mahali, upande wa bara, mbali na kila kitu. Sisi badala ya sakafu tulitumia paa. Kwanza tulibadilisha mabati yote, maana hayo ya kutu hayafai kukinga maji ya kunywa, kisha tukafunga gata, tukajenga birika la matofali ya simiti la lita 18,000 kwa shilingi 165,000. Tangi la plastiki la lita 10,000 tuliambiwa 95,000, kwa hiyo bei kwa lita inakaribiana, ila birika liko chini, maji hubaki baridi hata Februari.

Hesabu yake ni rahisi na kila kamati inaweza kuifanya. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa letu na baraza ni mita za mraba 90. Mvua ya milimita 10 inatupa lita 900, toa kidogo za kumwagika. Watoto 118 kwa lita tatu kila mmoja ni kama lita 350 kwa siku, ya kunywa na kunawa na kopo. Birika likijaa lina siku hamsini. Kwa hiyo halitoshi mwaka mzima, na mtu asikudanganye kwamba litatosha. Bomba linalijazia kaskazi. Makuti hayakingi maji safi, hata kama yanapoza chumba kuliko mabati. Mvua ya kwanza baada ya jua refu iache iende zake, inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Na mfuniko uwe mzito wenye kufuli, na wavu kwenye kila tundu kwa ajili ya mbu. Mtoto mdogo hawezi kuwa salama karibu na birika lililo wazi hata dakika moja.

Vyoo vipya vilimalizika Agosti 2024, mita 41 kutoka kisimani, upande wa bahari. Matundu 7: matatu ya wasichana, mawili ya wavulana, moja dogo la PP, moja la walimu. Hatukuchimba kwenda chini. Tulijenga tangi lililozibwa sakafu na kuta, choo kikainuliwa ngazi mbili juu ya ardhi, na likijaa linanyonywa na gari. Shilingi 412,000. Tulisahau kwamba gari la kunyonya lina upana, ikabidi nguzo moja ya lango ivunjwe, 22,000 nyingine. Bomba dogo liko nje ya kila milango miwili, kopo ndani ya kila mlango.

Kabla ya kuchora, mwalimu mmoja wa kike alikaa na wasichana wa Grade 5 na 6 peke yao akawauliza wanataka nini. Nilidhani watasema kioo, au rangi. Walitaka komeo la ndani. Walitaka ukuta ufike kwenye paa, kwa sababu wavulana walikuwa wakipanda mpera na kuchungulia. Walitaka msumari wa kutundikia mkoba, na ndoo yenye mfuniko. Vitu vyote vinne havikufika shilingi 6,000. Sodo tunanunua wenyewe. Sheria ya 2017 inayotaka wasichana wapewe bure inazihusu shule za umma, na ya kwetu si ya umma. Tumeweka fungu la 6,000 kila muhula, mwalimu yule ndiye anayelishika, na hakuna msichana anayelazimika kuomba mbele ya mwalimu wa kiume.

Kati ya watoto wetu, wapatao 30 ni Waislamu. Wazazi waliuliza mapema watoto wao watasoma dini gani. Tulimwajiri maalim wa somo la dini ya Kiislamu siku mbili kwa wiki, 4,000 kwa mwezi, na chumba chake ni kile kile cha darasa, saa ile ile ambayo wenzao wanasoma ya Kikristo kanisani. Baadhi ya washirika walipinga kwa nguvu. Mchungaji aliwajibu kwamba mzazi ametukabidhi mtoto, hakutukabidhi imani yake tuibadilishe. Naamini alisema kweli, na naamini shule ya Kikristo huonekana hapo kuliko kwenye msalaba juu ya paa.

Usajili ulichelewa. Watoto wetu 14 wa Grade 6 walifanya KPSEA mwaka 2024 katika shule nyingine iliyokubali kuwaandikisha. Niliwasindikiza siku ya kwanza. Walisimama kwenye lango la watu na sare zetu za kijani, wakipangwa mstari wa mwisho, na msichana mmoja akaniuliza kama matokeo yao yataandikwa jina la shule yetu. Nilimwambia hapana. Alitikisa kichwa, akaingia. Kuandika neno moja mahali pake katika daftari mwaka 2017 kungemwondolea swali lile. Cheti cha usajili kilitufikia Februari 2025.

Deni la duka la vifaa limebaki 64,000. Kilichobaki kujengwa ni darasa la tatu lenye kipimo kamili, na jiko. Jiko letu bado ni la makuti na kuni, liko kusini mwa madarasa, na kusi likishika moshi wote unaingia Grade 2. Watoto wanasoma macho yakiwatoka machozi kuanzia Aprili mpaka Septemba. Fundi ameleta ramani nzuri. Safari hii tumemwambia asianze. Jumamosi baada ya adhuhuri mzee atakuja na bakora yake, afisa wa afya na tepu, na mpishi wetu, ambaye hatukuwahi kumwita kwenye kikao hata kimoja, atatuonyesha upepo unakopita.